Dalali Mlangoni, Deni la Ajali

MASWALI NA MAJIBU

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka Malindi na Lamu, na karibu zote zina kilio kimoja: ajali imepita, vidonda vimekauka, sasa simu zinalia. Kabla hujaingia katika majibu, jiulize anayekudai ameshika karatasi gani. Anayefoka kwenye simu mara nyingi hana silaha nyingine ila hiyo simu. Wa kukukosesha usingizi ni yule kijana mpole aliyekuletea samansi ya mahakama, ukaitia chini ya godoro ukasahau. Samansi isiyojibiwa huzaa hukumu, hukumu huzaa waranti, na waranti, yaani amri ya mahakama ya kukamata mali, ndiyo inayomleta dalali wa mnada mlangoni.

Asalaam aleikum. Nina tuktuk yangu naendesha mwenyewe. Mwaka jana niligongana na gari dogo njia ya Gede, hakuna aliyeumia. Sasa kuna bwana ananipigia kila siku, asema katumwa na bima ya mwenye gari, nilipe Sh186,000 kabla ya Ijumaa la sivyo atanitia ndani. Amempigia hata shemeji yangu. Pesa ataka nizitume kwa nambari yake ya M-Pesa. — Mwenye tuktuk, Muyeye, Malindi

Waaleikum salaam. La kutiwa ndani liondoe moyoni. Gharama ya kutengeneza gari ni madai ya kawaida kati ya mtu na mtu, na polisi hawakamati mtu kwa deni la namna hiyo. Polisi wana kesi yao ya trafiki, na hapo pana mtego. Ikiwa ulishtakiwa kwa kuendesha bila uangalifu, usikimbilie kukubali kosa ati ulipe faini ndogo urudi kazini. Kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi chasema hukumu ya jinai, muda wa rufaa ukishapita, ni ushahidi usiopingika kwamba kosa ulilitenda. Wakili wa upande wa pili ataibeba hukumu hiyo hadi kwenye kesi ya fidia, na wewe utabaki kubishania kama mwenzako naye alichangia, na kiasi cha pesa, basi. Madereva wengi wamejifunga wenyewe kwa faini ya elfu chache.

Dai lenyewe limekuja hivi. Mwenye gari alikuwa na bima ya komprehensivu, ile inayolipa hata gari lake mwenyewe. Kampuni yake ikalipa gereji, sasa yataka kurudisha pesa zake kutoka kwako. Sheria inairuhusu, ila haiwezi kudai zaidi ya alichoweza kudai mwenye gari mwenyewe, na ikienda mahakamani kesi hufunguliwa kwa jina la mwenye gari. Kwa hiyo kama yeye naye alikuwa na makosa, mathalani alikata kona bila ishara, mahakama hugawa lawama kwa asilimia na deni hupungua kwa kiasi hicho.

Acha kubishana naye kwa simu. Mwandikie ujumbe mfupi, wa adabu, umuombe barua ya kampuni ya bima inayomteua yeye kukusanya, yenye nambari ya dai. Abstrakti ya polisi, ile karatasi ya kituoni yenye maelezo ya ajali. Ripoti ya mkadiriaji hasara pamoja na picha. Ankara ya gereji. Na ushahidi kwamba bima ililipa kweli. Tapeli hunyamaza papo hapo. Aliye wa kweli atakuletea, na hapo ndipo kazi yako inapoanza. Weka picha kando ya ankara upitie mstari kwa mstari. Kama uligonga nyuma kushoto, taa ya mbele na ridieta zinatafuta nini kwenye hesabu? Je, wamepaka rangi mlango uliogongwa au gari zima? Bampa lilikuwa na ufa wa zamani wenye vumbi ndani yake? Picha hueleza mengi ukizikuza. Na kama wanasema gari liliharibika kabisa, deni halali ni thamani yake kabla ya ajali kutoa bei ya mabaki waliyoyauza. Hiyo bei ya mabaki husahaulika sana kwenye barua za madai, sijui kwa nini.

Siku hiyohiyo ipelekee kampuni yako ya bima nakala ya barua ya madai, wakupigie muhuri wa kupokea. Bima ya lazima kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405, ni ya watu walioumia au kufa, si ya magari yao. Lakini bima nyingi za thadi pati, yaani za madhara kwa watu wengine, zina kipengele cha mali ya watu wengine, chenye kiwango chake. Kitafute katika hati yenyewe ya bima, maana stika ya kwenye kioo haikielezi. Na usimwandikie mtu yeyote "nakubali kosa, nitalipa pole pole." Mikataba ya bima hukataza mteja kukubali lawama bila idhini yao, na kuchelewa kuripoti ndiyo sababu wanayoipenda ya kukataa kulipa.

Kuhusu muda: madai ya uharibifu wa ajali hufa miaka 3 baada ya siku ya ajali ikiwa kesi haijafunguliwa. Ndiyo maana mkusanyaji mjanja hukuletea karatasi ya "kukubali deni" utie saini. Ukitia, deni limegeuka mkataba, na mkataba una miaka 6. Zaidi ya hapo, deni la namna hiyo likilipwa hata kidogo, muda huanza kuhesabiwa upya. Ile Sh500 ya "kuonyesha nia njema" huenda ikawa ghali kuliko zote ulizowahi kutuma.

Mkielewana, lipa kwa akaunti au paybill ya kampuni, kamwe si kwa nambari ya mtu. Kabla ya kutuma pata barua ya kampuni inayosema malipo hayo ni kamili na ya mwisho na kwamba hawatadai tena. Usione haya kupendekeza kiasi kidogo, kwa kuwa kesi nayo inawagharimu.

Ama shemeji yako, yeye hahusiki ndewe wala sikio. Kusambaza habari za deni lako kwa jamaa kunaweza kuvunja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Weka picha za jumbe na orodha ya simu, kisha peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Akitishia kukudhuru, nenda kituoni uandikishe katika OB, kitabu cha matukio cha polisi.

Mama aligongwa na pikipiki akivuka barabara Gongoni. Tumemtoa hospitali ya kibinafsi tukiwa bado twadaiwa Sh214,000. Wakili wetu asema bima ya pikipiki italipa. Lakini hospitali imempa mkusanyaji lile deni na hataki kusikia habari za kesi. — Binti yake

Pole, na mpe mama pole. Kwa bahati mbaya mkusanyaji ana hoja. Hospitali ilimtibu mama kwa makubaliano na mama (au na aliyetia saini fomu ya kumlaza, kwa hiyo itazameni saini ni ya nani). Mwenye pikipiki anadaiwa fidia na mama, hospitali haimjui. Kesi ya majeraha yaweza kuchukua miaka, na bili haitaisubiri.

Ombeni kwanza bili iliyochanganuliwa: kitanda kwa siku, dawa, eksirei, ukumbi wa upasuaji, ada ya daktari. Bili ya jumla yenye mstari mmoja wa "dawa na vifaa" haifai kulipwa wala kupelekwa mahakamani. Hakikisheni siku za kitanda zinalingana na tarehe za kuingia na kutoka, na kwamba kama mama amejisajili SHA (bima ya afya ya serikali), walichopaswa kulipa wao kimetolewa. Kisha mwombeni wakili aiandikie hospitali ahadi ya kitaaluma kwamba fidia ikiingia bili italipwa kabla familia haijapewa chochote. Ahadi ya wakili humfunga yeye mwenyewe, kwa hiyo si kila wakili ataitoa, ila hospitali nyingi huiheshimu. Ikishindikana, pendekezeni malipo ya kila mwezi mnayoyaweza kweli. Ahadi ya elfu ishirini ikivunjika mwezi wa pili huwarudisha mlipoanzia, na safari hii kwa sauti kali zaidi.

Kila senti mnayolipa ipatieni risiti ya asili. Katika kesi za ajali, gharama za matibabu lazima zitajwe kwa kiasi chake na kuthibitishwa barabara, na ankara peke yake haionyeshi kwamba mmelipa. Familia nyingi hupoteza hapa: wametumia laki mbili, wakafika mahakamani na risiti za elfu arubaini, zilizobaki zilitumwa kwa nambari ya karani. Wekeni pia risiti za tuktuk za kwenda kliniki, magongo, hata ya P3 (fomu ya polisi ya majeraha) na ripoti ya daktari.

Kwa wengine watakaosoma: mgonjwa aliyepona hazuiliwi wodini kwa ajili ya bili. Mahakama Kuu imeshaamua zaidi ya mara moja kwamba kufanya hivyo ni kuvunja haki yake. Na kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Mimi ni mvuvi, Lamu. Mwaka 2022 nilimuuzia mtu Probox pale Mokowe, tukaandikiana, logibuku ikabaki kwa jina langu kwa sababu alisema atabadilisha. Akagonga mtu njia ya Witu. Wiki hii madalali wamekuja nyumbani na karatasi ya hukumu ya Sh640,000, wameandika friji, televisheni, makochi, mashua yangu na friza ya mke wangu ya kuuzia barafu. Sikuwahi kuitwa mahakamani. Wamesema watarudi baada ya siku 7. — Mvuvi, Lamu

Bwana, hapa siku ndizo zinazokula. Leo usilale kabla ya kumpata wakili.

Zile siku 7 ni za kweli. Kanuni za Madalali za 1997 zinamtaka dalali aandike orodha ya mali, thamani na hali ya kila kitu, akupe ilani ya siku 7 ya kulipa, na zikipita ndipo achukue. Baada ya kuchukua lazima atangaze mnada gazetini, na mnada usifanyike kabla ya siku 7 tangu tangazo. Kwa hiyo akibeba vitu siku ya kwanza, amekosea. Tazama karatasi yake: waranti ina muhuri wa mahakama, nambari ya kesi na jina lako? Yeye ana leseni ya Bodi ya Leseni za Madalali? Aliandika thamani gani? Friza ya elfu hamsini ikiandikwa elfu nane, pinga kwa maandishi mara moja. Kutia saini orodha si kukubali deni, ni kuthibitisha vitu vilivyoonekana. Na akitaka kuvunja mlango au akihofia fujo, lazima kwanza aende mahakamani kuomba ulinzi wa polisi.

Sasa kesi. Wakili aombe kusoma faili. Humo mna kiapo cha aliyepeleka samansi: alikupata wapi, tarehe gani, nani alikuonyesha kwake. Hapa ndipo kesi nyingi za namna hii hufunguka. Kama kiapo kinasema alikupa samansi Mokowe siku ambayo una ushahidi ulikuwa baharini au umelazwa King Fahd, una hoja. Ombi lenyewe huwasilishwa kwa hati ya dharura na huwa na mambo mawili: kusimamisha utekelezaji, na kutengua hukumu iliyotolewa bila wewe kusikizwa, chini ya Amri ya 10, kanuni ya 11 ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai. Ambatisha rasimu ya utetezi. Bila rasimu, hakimu hana cha kutazama kuona kama una la kusema. Jiandae pia kwa sharti la kuweka sehemu ya pesa mahakamani kama dhamana, na mwambie wakili mapema unachoweza.

Utetezi wako ni huu: kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki husema aliyeandikwa kwenye usajili huhesabiwa mwenye gari *mpaka ithibitishwe vinginevyo*. Wewe unathibitisha vinginevyo. Leta makubaliano ya mauzo yenye tarehe, ujumbe wa M-Pesa au taarifa ya benki ya malipo, mashahidi, na abstrakti ya polisi uone bima siku ya ajali ilikuwa kwa jina la nani. Kama mnunuzi ndiye aliyekata bima, hiyo ni pigo kubwa kwa dai dhidi yako, na pia inaonyesha kampuni inayopaswa kulipa. Hukumu ikitenguliwa, wakili amvute mnunuzi kesini kwa notisi ya mtu wa tatu.

Friza ya mke wako ni kesi yake yeye, si yako. Mwenye mali iliyoshikwa kwa deni la mtu mwingine huweka pingamizi chini ya Amri ya 22, kanuni ya 51. Mke aape kiapo chake mwenyewe na aambatishe risiti ya dukani yenye jina lake na kibali chake cha biashara kama anacho. Kiapo cha mume kusema "friza ni ya mke wangu" hakina uzito huo.

Vilevile kifungu cha 44 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinakinga nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, na zana za kazi ya mdaiwa. Nyavu zako zimo bila ubishi mkubwa. Mashua, hasa yenye mashine, upande wa pili utabisha kuwa ni mali ya biashara, kwa hiyo ombi liseme waziwazi kwamba ndiyo unayovulia na huna nyingine. Picha na leseni ya uvuvi zisaidie.

Na wauzaji wote wa magari: sheria haitaki gari liende zaidi ya siku 14 bila kubadilishwa jina. Badilisheni kabla funguo hazijatoka mkononi. "Nitabadilisha" ya mnunuzi haina dhamana.

Nilikopa benki nikanunua Noah ya kubebea wageni Watamu. Imeharibika kabisa, bima imekubali. Sasa nasikia bado nitadaiwa. Inawezekanaje? — Msomaji, Watamu

Inawezekana, kwa sababu bima hulipa thamani ya gari siku ya ajali, benki hudai salio la mkopo, na viwili hivyo havijuani. Tuseme salio ni Sh1,350,000, gari limethaminiwa milioni 1, makato yako ya kwanza (sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe) ni Sh50,000. Hundi ya Sh950,000 huenda benki moja kwa moja, kwa kuwa jina lake limo kwenye usajili pamoja na lako, na wewe unabaki na Sh400,000 za kulipia gari lisilokuwepo.

Pa kupigania ni thamani. Usitie saini hati ya kumaliza madai kabla ya kupata mthamini wako mwenyewe na bei za magari ya mwaka na aina hiyo. Ukisaini, mlango umefungwa. Bima ikikataa kusikia, lalamika kwa IRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima. Wakati huo endelea na malipo ya benki ama upate barua ya kuyasimamisha, kwani riba haingoji bima ikusanye karatasi zake. Kabla benki haijakupeleka CRB, wanakoorodheshwa wasiolipa mikopo, yapasa kukupa ilani ya siku 30, na habari mbaya hukaa miaka 5. Mkopo ukishaharibika kwa kutolipwa, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinazuia riba isipite salio la mkopo lilivyokuwa siku ulipoharibika. Omba taarifa kamili ya akaunti uhesabu mwenyewe.

Matatu yangu ina bima, hukumu ni Sh4,200,000 kwa abiria mmoja. Mbona madalali waje kwangu? — Mwenye matatu, Mambrui

Kwa sababu bima ya lazima inaishia Sh3,000,000 kwa mtu mmoja. Zilizosalia Sh1,200,000 ni zako, isipokuwa uliongeza kinga. Kama bima haijalipa hata zile milioni 3, wakili wako aombe kusimamisha utekelezaji na aishtaki kampuni ilipe hukumu chini ya kifungu cha 10 cha Sura ya 405. Kuhusu sehemu yako, iombe mahakama ilipwe kwa awamu kabla hawajafika kwenye matatu, na uambatishe hesabu ya mapato ya kila siku, mafuta, mshahara wa dereva na makanga.

Nimeletewa ilani ya "kuonyesha sababu" kwa nini nisifungwe jela ya madeni. Si mlisema watu hawafungwi? — Msomaji, Malindi mjini

Hawafungwi kwa simu ya mkusanyaji. Baada ya hukumu, mahakama inaweza kumfunga mdaiwa hadi miezi 6, ila mdai lazima aonyeshe kwamba unao uwezo na unakataa, au umeficha au kuhamisha mali, au unataka kutoroka. Umaskini peke yake hautoshi. Mdai pia ndiye anayelipia posho yako ukiwa humo, na ukitoka deni bado lipo, ndiyo maana wengi wao hupendelea kukutisha kuliko kukufunga.

Lakini hudhuria tarehe hiyo bila kukosa. Asiyekwenda hutolewa waranti ya kukamatwa. Nenda na taarifa ya M-Pesa na ya benki ya miezi 6, karo za watoto, kodi ya nyumba, barua ya mwajiri ama ya mwenyekiti wa stendi, na kiasi maalumu cha kupendekeza kwa mwezi. Ukiweza, lipa awamu ya kwanza kabla ya kuingia kortini uwe na risiti mkononi, hakimu aanze na hiyo.